Ubeti wa Tatu Kaimba Nani?

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, sogea nikunong'oneze haraka. Wazee watatu wa bendi ya Radi Kavu wako studio, wanasikiliza wimbo wa mwisho wa albamu yao mpya. Wimbo una beti mbili. Wanajua hivyo kwa sababu wameutunga wenyewe na kuurekodi wenyewe. Lakini pale ambapo gitaa lilitakiwa kulia peke yake, sauti ya mtu imeingia na kuanza kuimba ubeti wa tatu.

Sauti ya Chiriku, mwimbaji wao.

Chiriku huyo walimzika kwa mikono yao, watoto wake pacha wakiwa hawajajua hata kunyonya vizuri. Leo hao pacha wananyoa ndevu.

Haya, twende.

"Zima!" Kishindo, mpiga ngoma, alipiga kelele mpaka trei za mayai zilizobandikwa ukutani kuzuia mwangwi zikatikisika. "Fundi, zima hicho kitu!"

Fundi, mwanamke wa miwani minene anayeendesha mitambo ya studio ile, hakuzima. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe lakini hakishuki. Sauti ikaendelea taratibu, kama mtu anayeongea peke yake huku anatembea:

*Nimevaa viatu vya mtu, nimezunguka miji,*
*Nimeitikia nikiitwa jina si langu,*
*Taa ya dirishani kwenu naiona,*
*Msiizime, napita tu, sibishi hodi.*

Kisha gitaa likarudi, kana kwamba halijui kilichotokea.

Studio ile iko ghorofani, juu ya karakana ya makochi. Huko chini seremala alikuwa anagonga misumari, ko, ko, ko. Siku nyingine Kishindo angepiga mguu sakafuni kumwomba awavumilie. Siku hiyo hakuna aliyeinua mguu.

Mpiga besi, ambaye wote humwita Mkimya kwa sababu anaweza kumaliza siku nzima na neno moja tu na neno hilo likawa "chai", alivua kofia.

"Ni yeye," alisema.

"Si yeye!" Kishindo alifoka. Jasho lilikuwa linamtiririka na feni ilikuwa inamwelekea. "Maiti haiimbi. Fundi, futa. Futa sasa hivi, nione kwa macho yangu inafutika."

"Sifuti kitu ambacho sijui kimeingiaje. Jana tumefunga hapa wimbo una beti mbili. Funguo ninazo mimi."

"Na nani mwingine?"

Fundi alisita. "Na Meneja."

Aliyebaki ni Nyuzi. Huyu Nyuzi ndiye mpiga gitaa, na tangu Chiriku aondoke ndiye anayeimba pia. Anaimba kama mtu anayesoma tangazo la msiba, na analijua hilo kuliko mtu yeyote. Na kitu kingine, usije ukasema sikukuambia mapema: mjane wa Chiriku leo ni mke wa Nyuzi. Pacha wa Chiriku wanamwita Nyuzi baba.

"Irudishe," alisema.

"Nyuzi, ndugu yangu, achana nayo."

"Kishindo, nimesema irudishe."

Fundi akairudisha. Nyuzi alisogea mpaka paji la uso likakaribia kugusa spika. Chiriku alikuwa na namna yake ya kumaliza mstari. Hakati pumzi, anaiacha ikatike yenyewe, kama mtu anayesinzia katikati ya neno. Nyuzi ameijaribu hiyo jukwaani miaka yote na hajawahi kuipata.

*Napita tu, sibishi hodi...*

Ikakatika yenyewe. Malaika ya mikono yake yakasimama.

Mlango ukafunguliwa.

"Wazee wangu!" Meneja aliingia na raba zake nyeupe, simu moja mkono huu na nyingine mkono ule. "Mmeshaisikia? Niambieni, haijawapiga hapa?" Akajigonga kifuani.

Kishindo alimfikia kabla hajamaliza kucheka. Alimshika ukosi akamwinua mpaka raba zikaning'inia.

"Umeitoa wapi?"

"Kompyuta! Mzee, niache, ni kompyuta!"

Akateremshwa. Alinyoosha shati, akajaribu kutabasamu tena, tabasamu likakataa.

"Unailisha kompyuta nyimbo zote za zamani za marehemu," alieleza. "Inasoma sauti yake. Ukishaipa maneno, inaimba. Si uchawi. Siku hizi watu wanafanya hivyo wakiwa wamelala vitandani mwao."

"Umemfufua mtu bila kutuuliza?"

"Nimefufua albamu, mzee." Sasa Meneja alipandisha sauti naye. "Mnataka ukweli? Nimepeleka nyimbo zenu redioni. Mtu wa kwanza aliposikia lile gitaa la mwanzo aliniuliza kama rekodi imeharibika. Binti yangu nilimpa asikilize. Akasubiri, akasubiri, akaniambia, 'Baba, huu wimbo unaanza lini?' Gitaa linalia wee, mtu hajafungua mdomo! Siku hizi wimbo ukichelewa kuanza, kidole kimeshapita kwenye simu."

"Basi kipite!"

"Kimepita, mzee. Kimepita ninyi bado mnakaza nyuzi."

"Roki haifi," Kishindo alisema, lakini alisema kama mtu anayeomba.

"Haijafa. Imezeeka, na mashabiki wake wanalala mapema."

Wazee walikuwa wanalikumbuka onyesho lao la mwisho. Ukumbi ulikuwa nusu, na hiyo nusu ilikaa kwenye viti mwanzo mpaka mwisho. Kwenye roki, watu wamekaa! Mama mmoja mstari wa mbele alikuwa ameziba masikio kwa pamba, na kila wimbo ukiisha anaitoa ili apige makofi kwa adabu.

Na Nyuzi alikumbuka zaidi ya hapo. Maneno ya Meneja alikuwa ameyasikia zamani, kutoka kwa Chiriku mwenyewe. "Watu wanataka kucheza, Nyuzi. Hawataki kupigwa na radi kila Jumamosi." Chiriku alitaka vinanda na midundo ya dansi. Nyuzi alisema ni gitaa au hakuna bendi. Wakagombana nyuma ya jukwaa, bado wamelowa jasho la onyesho, wakaambiana mambo ambayo ndugu hawaambiani. Chiriku akakataa kupanda basi moja na wenzake. Akapanda gari la vyombo lililotangulia. Kwenye mteremko gari lile likapinduka, likaungua.

"Iache," Nyuzi alisema.

Kishindo aligeuka. "Iache nini?"

"Sauti. Ibaki kwenye albamu."

"Wewe umerogwa."

"Kishindo, nimeimba nafasi yake miaka yote hii. Kila mtu ukumbini anajua siiwezi. Wananipigia makofi kwa huruma. Mwache mwenyewe aimbe, hata kama ni kwa mashine."

"Na mkeo? Unataka shemeji aisikie hiyo? Na wale watoto?"

"Nitamwambia mwenyewe. Leo nyumbani, taratibu, kabla haijatoka."

Meneja alikohoa. Akaangalia simu ya kulia, akaangalia simu ya kushoto, kama anayetafuta ipi itamsaidia.

"Kuhusu hilo..."

"Kuhusu nini?"

"Nimeshaituma redioni. Wameipenda mno. Wanaipiga kipindi cha mchana."

"Mchana wa lini?"

"Wa leo."

Nyuzi hakusubiri hata kuchukua koti.

Alishuka ngazi akampigia mkewe. Simu iliita, ikaita, ikakata. Mama Pacha ana saluni upande wa pili wa soko, na mikono yake ikiwa kwenye dawa ya nywele hapokei simu hata ya rais. Na kwenye saluni ile redio haizimwi. Ikizimwa, wateja wanauliza kuna msiba gani.

Barabara ilikuwa imejaa magari yasiyotembea. Nyuzi akakimbia.

Sasa mfikirie mzee wa mvi, goti bovu, fulana nyeusi yenye picha ya radi kifuani, anakimbia juani kama kijana aliyeiba simu. Watu walimpisha. Muuza matunda alimwuliza, "Mzee, wanakufukuza?" Nyuzi hakujibu, kwa sababu wakati huo huo alisikia kitu kutoka duka la vipuri.

Lilikuwa gitaa lake.

Redio ya duka la vipuri ilikuwa imeanza wimbo. Ule utangulizi mrefu ambao binti wa Meneja aliuchoka, Nyuzi aliushukuru siku hiyo kuliko siku zote. Bado kuna muda, alijiambia. Bado ubeti wa kwanza, bado wa pili.

Alipofika kwa fundi viatu, sauti yake mwenyewe ilikuwa inaimba ubeti wa kwanza. Kwa muuza mitumba, kiitikio. Alikatiza ndani ya soko, akapiga kikumbo kapu la mtu, akaomba samahani bila kugeuka. Kwenye mabucha, ubeti wa pili. Kila alipopita wimbo ulikuwa umeshafika. Alijaribu kukaza mwendo, goti likamkatalia. Alitokea upande wa pili wa soko akiwa anachechemea, na pale kwenye kona, kutoka kwenye kibanda cha muuza chaji za simu, Chiriku akaanza.

*Nimevaa viatu vya mtu, nimezunguka miji...*

Nyuzi alisimama. Hakutaka kusimama, ila miguu haikumwuliza. Sauti ilitoka kwenye kile kibanda, ikajibiwa na duka la mkabala, ikajibiwa na gari lililokuwa limefungua vioo. Mtaa mzima ulikuwa unaimba kwa koo la mtu mmoja, na mtu huyo Nyuzi alimtupia udongo kwa koleo.

Akasukuma mlango wa saluni.

Ndani kulikuwa na mteja mmoja chini ya mashine ya kukaushia nywele, na mwingine nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Mama Pacha alikuwa amesimama katikati, kitana mkononi, uso ameuinua kuelekea kwenye redio iliyo juu ya kioo. Hakumwangalia mumewe. Nyuzi alipeleka mkono kuizima.

"Acha hapo," alisema Mama Pacha.

Mkono ukarudi.

*Msiizime, napita tu, sibishi hodi...*

Wimbo ulipofika mwisho mtangazaji akaingia kwa kishindo: "Naam, hao ni Radi Kavu, bendi ya baba zetu, kwa wengine wetu bendi ya babu zetu, na wamekuja na maajabu..."

Mama Pacha alinyanyua mkono akaizima mwenyewe.

"Wimbo mzuri jamani," alisema yule mteja wa chini ya mashine, kwa sauti kubwa kama wasemavyo walio chini ya mashine. "Yule aliyeimba mwishoni ni nani?"

"Mume wangu," Mama Pacha alijibu.

Mteja akamgeukia Nyuzi kwa furaha. "Kumbe unajua kuimba hivyo, shemeji! Muda wote unatuficha!"

Mama Pacha alikabidhi kitana kwa msichana wake wa kazi, akaenda chumba cha nyuma. Nyuzi akamfuata.

Kile chumba kina taulo zilizoanikwa kwenye kamba, zote bado zinadondosha maji. Walisimama katikati ya taulo kama watu waliojificha.

"Nilitaka kukuwahi," Nyuzi alisema. "Nimekimbia mke wangu, Mungu anaona. Nisamehe. Si yeye. Ni kompyuta. Meneja kailisha nyimbo za zamani, ikaiga sauti. Hata sisi hatukujua mpaka leo."

Mama Pacha hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Nyuzi.

"Imeiga sauti ya zamani," alisema mkewe.

"Ndiyo."

"Ya Chiriku wa wakati ule. Kijana."

"Ndiyo, kwa sababu hizo ndizo rekodi zilizopo."

"Na kompyuta inazeeka?"

"Inazeeka vipi?"

"Nakuuliza wewe, mwanamuziki." Aliongea polepole, kama anayepanga vyombo vya udongo. "Mimi nimelala na sauti ile. Nimegombana nayo, imenibembeleza. Chiriku wangu alikuwa na sauti nyembamba huku juu, inakata kama wembe. Huyu niliyemsikia huku juu hafiki tena. Anapanda kidogo, anachoka, anashuka. Chini amekuwa mnene. Na meno ya mbele hana, lile neno 'sibishi' limetoka na upepo."

Tone la maji lilianguka kutoka kwenye taulo, likamgonga Nyuzi begani. Alishtuka kama amechomwa.

"Huyo ni Chiriku mzee," mkewe alisema. "Ni umri wako wewe. Mtu aliyekufa kijana hazeeki, mume wangu. Twende kwa huyo Meneja wenu."

Walirudi kwa miguu bila kushikana mikono. Kila walipopita duka lenye redio, wote wawili walipunguza mwendo. Redio zilikuwa zinapiga muziki mwingine sasa, ule wa midundo ya haraka, na wauzaji walikuwa wanatikisa mabega.

Studio, hakuna aliyekuwa ameondoka. Meneja alikuwa amekaa kwenye kiti, na Mkimya amesimama nyuma yake, amemwekea mkono begani. Mkono wenyewe haukumkaba, ila ulimtosha Meneja kujua kwamba hatoki. Kishindo alikuwa anazunguka chumba kama aliyefungiwa. Alipomwona Mama Pacha, akasimama.

"Shemeji," alisema, "hili si jambo la kukuleta hapa."

"Nimejileta."

Fundi alivua hedifoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kitu na anatafuta wa kumwambia.

"Afadhali mmekuja," alisema. "Nyuzi alipoondoka nimeitenga ile sauti peke yake. Nimetoa gitaa, nimetoa ngoma, nimetoa kila kitu. Sikilizeni chini ya sauti."

Akaifungulia.

Bila vyombo ilikuwa mbaya zaidi. Ilikuwa ni mtu mzima, karibu kabisa, anavuta pumzi kwa shida. Mama Pacha alishika ukingo wa meza. Halafu, nyuma ya pumzi ile, kwa mbali, wote wakasikia.

Ko. Ko. Ko.

Kishindo aliangalia sakafu. Seremala alikuwa amekwenda kula, chini kulikuwa kimya. Milio ile ilikuwa ndani ya wimbo.

"Kompyuta haina seremala chini yake," Fundi alisema. "Mtu huyu ameimba humu. Amesimama pale." Akaonyesha kipaza sauti katikati ya chumba, na bila kukusudia wote wakasogea nyuma kidogo, wakaacha nafasi.

Nyuzi alimwinamia Meneja.

"Mwanangu," alisema kwa upole, na upole ule ulitisha kuliko mikono ya Kishindo. "Sema."

Meneja alizima simu zote mbili. Kwa wanaomjua, hilo peke yake ni kama kiapo.

"Alinifanya niahidi," alisema. "Alisema nikiulizwa niseme ni mashine, mtaamini, siku hizi kila mtu anaamini ni mashine."

"Nani?"

"Hakusema jina. Alikuja ofisini, mzee mmoja, ana kovu la moto kutoka hapa sikioni mpaka hapa shingoni. Nilidhani amekuja kuomba msaada. Akaniambia amesikia Radi Kavu wanatengeneza albamu ya mwisho, na kwamba yeye anaweza kuimba kama Chiriku. Nikacheka. Watu wangapi wameshaniambia hivyo? Basi akaimba, pale pale mlangoni." Meneja alipangusa midomo. "Sikucheka tena."

"Lini?"

"Leo asubuhi nimemleta hapa, kabla hamjafika. Aliimba mara moja tu. Nilimwambia arudie, akasema hawezi, mara ya pili itakuwa uongo."

Mkimya aliondoa mkono begani kwa Meneja, akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo.

"Alisema nini kingine?" Mama Pacha aliuliza.

"Hakutaka chochote. Hakutaka kukutana na bendi. Nilimuuliza nimwite nani, akasema nimwite ninavyotaka, ameshazoea." Meneja alimwangalia, kisha akaangalia chini. "Alipokuwa anaondoka aliuliza swali moja. Aliuliza kama pacha wanaimba."

Mama Pacha alikaa. Hakukuwa na kiti nyuma yake, kulikuwa na spika kubwa ya besi, akakaa juu yake. Mikono aliiweka mapajani, vidole bado vina rangi ya dawa ya nywele.

"Hawaimbi," alisema, kama vile aliyeuliza bado yupo mlangoni. "Wote wawili. Nilijaribu, hawana sauti."

"Mke wangu..."

"Ngoja." Alimnyooshea Nyuzi kiganja. "Nilikuwa wodi ya wazazi. Watoto wamezaliwa, mmoja huku, mmoja huku, nasubiri baba yao aje awaone. Mkaja ninyi. Nikasema nataka kumwona mume wangu, nitatambaa kama siwezi kutembea. Mkanikatalia. Mkasema moto haukubakiza uso wa kuangalia, nibaki na ule ninaoujua. Jeneza likafungwa. Nimemzika mtu ndani ya ubao, sikumwona hata kidole."

Alisugua ile rangi kwenye vidole vyake.

"Mochwari mliingia wawili tu," aliendelea. "Wewe na Kishindo. Ukatoka ukaja kitandani kwangu ukasema, 'Ndiye.' Neno moja. Kwa neno hilo nikavaa nguo za eda, nikazivua, nikaja kukaa nyumbani kwako, nikawafundisha watoto wakuite baba." Akainua macho. "Mume wangu. Tulimzika nani?"

Mikono ya Nyuzi ilikuwa inaning'inia. Wale waliomwona jukwaani miaka yote hiyo hawajawahi kumwona mikono yake haina la kufanya.

"Sikufunua shuka," alisema.

"Unasema?"

"Nilishindwa. Nilikuwa nimemwambia maneno mabaya nyuma ya jukwaa, nikamwambia aende asirudi. Ndiyo maneno ya mwisho aliyopata kutoka kwangu. Nikaletewa kile kitanda cha chuma, nikaona umbo la miguu chini ya shuka, nikasema ndiye. Nani mwingine angekuwa? Gari lilikuwa letu. Nikatoka nje kutapika. Sikumwona usoni, mama watoto wangu. Naapa. Sikumficha. Sikumwona."

Mama Pacha alimtazama kwa muda mrefu. Ni vigumu kusema alikuwa anatafuta nini kwenye uso ule aliouamkia miaka yote, na kama alikipata.

Wakati huo ndipo Fundi alipogundua kwamba nyayo, zilizokuwa zimeanza tena kuzunguka, zimekoma. Kishindo hazunguki tena. Alikuwa amefika mlangoni, amekishika kitasa, na mgongo wake mpana ulikuwa unapanda na kushuka kama wa mtu aliyemaliza onyesho.

"Kishindo," Nyuzi alimwita. "Mwambie shemeji yako. Tulikuwa wote. Mwambie sikufunua."

"Ni kweli," Kishindo alisema bila kugeuka. "Nyuzi hakufunua."

Kitasa kilizunguka nusu, kikarudi.

"Mimi nilifunua."